Kabla ya Kulipia Tuktuk kwa Simu, Ikalie Kwanza

Wateja wetu wa Eldoret wanaotaka kuchukua tuktuk kwa mkopo hutuuliza mambo mawili: malipo ya kwanza ni ngapi, na kila siku nitakuwa natuma ngapi. Ni maswali mazuri. Lakini kuna la tatu ambalo karibu hakuna anayeliuliza, na kwa maoni yetu ndilo lingetangulia: hii mashine nikiikalia saa kumi na mbili kwa siku, kwenye barabara zetu hizi, itanibeba au mimi ndiye nitaibeba?

Mtu atasema, kwani kampuni ya malipo ya simu inahusika vipi na viti na springi? Inahusika sana. Pesa unayotuma kila jioni haizaliwi kwenye simu. Inatoka mgongoni mwako, na inatoka kwa abiria aliyekubali kupanda. Mashine ikikuchosha unafunga kazi mapema. Ikimrusharusha abiria, kesho anapanda boda ama anatembea. Malipo ya siku hayajui hayo yote. Yanakuja saa ileile, kiasi kilekile, mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili. Na kwa mikopo mingi ya siku hizi kuna kidude kimefichwa ndani ya tuktuk: ukichelewa siku kadhaa, injini inazimwa kutoka mbali na unabaki umesimama kwa steji ukiangalia wenzako wakijaza.

Tupige hesabu ndogo, ya mfano tu. Tuseme nauli yako ni shilingi 50, na kwa sababu kiti ni kibaya ama wewe umechoka, unapoteza abiria watatu kwa siku. Hiyo ni 150. Kwa siku 26 za kazi ni 3,900 kwa mwezi. Kwa miaka miwili ni 93,600. Sasa linganisha na ofa mbili za mkopo zinazotofautiana kwa shilingi 20 kwa siku: kwa siku 730 tofauti ni 14,600. Tunaona watu wakizunguka mji mzima kutafuta hiyo 20, halafu wanachukua tuktuk ambayo hawajawahi hata kuikalia. Rangi wameichagua, ndiyo. Stika pia.

Barabara yako ndiyo mtihani

Gari dogo lina magurudumu mawili mbele na mawili nyuma yanayofuata njia ileile. Dereva akiona shimo anaweza kulipitisha katikati, likabaki chini ya tumbo la gari. Tuktuk haina katikati. Gurudumu la mbele linapita palepale ambapo mwenye gari angepitishia shimo, na ukilikwepesha hilo la mbele, mojawapo ya yale ya nyuma linaingia. Kwa barabara iliyochakaa, kilichobaki ni kuchagua nani aumie, wewe au abiria. Ongeza kwamba magurudumu yenyewe ni madogo. Rimu ya inchi 8 ni jambo la kawaida kwa tuktuk. Shimo ambalo gari hulipita kwa mtikisiko mdogo tu, gurudumu dogo linazama lote, na mshtuko unapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Ndiyo maana kuzungushwa na muuzaji kwa dakika tano kwenye lami ya Uganda Road si kujaribu tuktuk. Kila mashine ni tamu kwa lami. Ipeleke Langas ndani, zile njia za marram, siku moja baada ya mvua. Ama Huruma, ama Munyaki, popote ambapo kweli utakuwa ukitafuta riziki. Na usiende peke yako. Tuktuk tupu inarukaruka kwa sababu springi zake zimepangiwa uzito, na tuktuk iliyojaa inatulia lakini inagusa chini. Chukua watu watatu wazima wenye miili yao, wakae nyuma, halafu uwaulize. Wewe dereva ukisema iko sawa haitoshi, kwa sababu kiti chako na chao haviko mahali pamoja. Wao wamekaa juu ya magurudumu ya nyuma, karibu kabisa na injini.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi wa hapa wanalisahau. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ndogo isiyo na turbo hupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Mashine ya petroli yenye nguvu za farasi 10 ikiwa Mombasa, huku inabaki na kama 8. Wale abiria watatu nao hawajapungua uzito. Matokeo yake ni kwamba unakaa kwenye gia ya chini muda mrefu, injini inalia, mkono wako unafanya kazi zaidi, na mafuta yanaenda.

Kwa hivyo binamu yako wa Likoni akikuambia tuktuk fulani ni moto wa kuotea mbali, anasema kweli, lakini ni kweli ya Likoni. Kule ni tambarare na joto, abiria anataka upepo. Huku asubuhi ya Julai kipimo kinaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na mvua ya alasiri inaingia kwa ubavu. Abiria wa Eldoret anataka turubai inayofunga vizuri pembeni, na dereva anataka kioo cha mbele kinachompa nafasi ya kuona bila kuinama. Muuzaji akikuambia turubai za pembeni ni za kuongezea baadaye, mwambie azihesabu sasa. Utazihitaji kabla hujamaliza mwezi wa pili wa kulipa.

Zile tatu zinazoulizwa

Piaggio Ape ndiyo mzee wa ukoo. Ilitoka Italia mwaka 1948, ndugu mdogo wa Vespa. Vespa kwa Kiitaliano ni nyigu, na Ape ni nyuki, mdudu mchapakazi. Wengi huku wanaijua ile ya dizeli. Faida yake inajulikana: dizeli inakwenda mbali kwa lita moja, na injini ina msukumo mzuri ikiwa imejaa na iko polepole, kama vile kupanda kutoka upande wa mto Sosiani ukiwa na abiria watatu na mifuko ya sokoni. Lakini injini ya dizeli ya silinda moja inatetema, hiyo ni tabia yake, hakuna fundi wa kuiondoa yote. Ikiwa imesimama inanguruma, utausikia mtetemo kwenye nyayo, kwenye usukani, mpaka kwenye meno. Dereva wa umri wa miaka 25 atakuambia ni kawaida. Mwenye miaka 45 atanyamaza kidogo kwanza. Maoni yetu: kama njia yako ni ndefu na mizigo ni mingi, Ape ya dizeli inalipa. Kama kazi yako ni kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, katikati ya mji, utakuwa unalipia mafuta machache kwa uchovu mwingi.

Bajaj RE ni ya India. Kwa jirani zetu Tanzania jina la kampuni limemeza jina la kitu chenyewe, kila tuktuk ni bajaji, hata ambayo si Bajaj. Huku kwetu tumebaki na mlio wa injini, tuk-tuk-tuk. RE ya petroli ni nyepesi kugeuza. Inaingia pale Oloo Street kwenye msongamano, inajipenyeza, inatoka. Mtetemo wake ni mdogo kuliko wa dizeli. Ukiwa unaangalia ya mitumba, angalia inavyowashwa. Zile za zamani zina mkono wa kuvuta, na kuvuta huo mkono mara thelathini kwa siku, asubuhi ya baridi, si mazoezi ya kutafuta kwa hiari. Za karibuni zina kitufe.

TVS King nayo ni ya India, ya petroli, silinda moja kama mwenzake. Na hapa tuseme jambo ambalo wauzaji hawatalipenda: kati ya King na RE mpya, tofauti ya starehe ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa. Injini zao zinakaribiana ukubwa, zote mbili zina magurudumu ya inchi 8, zote unabadilisha gia kwa kuzungusha mkono wa kushoto huku umebana klachi. Kinachotofautisha zaidi ni mwili wako wewe. Uasin Gishu haina uhaba wa watu warefu. Kaa kwenye kiti cha dereva, nyoosha mguu wa kulia mpaka kwenye breki, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Goti likigusa usukani ukikata kona, hiyo mashine si yako hata kama ni mpya kabisa. Paji la uso likiwa usawa wa ukingo wa juu wa kioo, utaendesha miaka miwili ukiwa umeinamisha shingo. Kwa mwingine mfupi, mashine hiyohiyo ni kitanda.

Na mkono wa kushoto. Watu wanaongea juu ya mgongo tu, lakini kwa mji wenye matuta mengi na mzunguko wa magari kama wetu, kifundo cha mkono wa kushoto ndicho kinachofanya kazi kubwa. Klachi ngumu unaweza kuivumilia kwa dakika tano za kujaribu. Ibane mara hamsini mfululizo ukiwa umesimama. Muuzaji atakuangalia vibaya kidogo, mwache.

Za umeme tunaulizwa zaidi kila mwezi. Kwa upande wa starehe hatuna shaka: hazina gia za kuzungusha, hazitetemi, na mota ya umeme haijali mwinuko, nguvu yake Eldoret ni ileile ya Mombasa. Mama aliyetoka kushonwa pale Hospitali ya Rufaa ya Moi, akipandishwa tuktuk ya umeme na dereva mwenye busara, atafika nyumbani bila kulia. Hilo si jambo dogo. Ila starehe haiendi bila chaji. Kabla hujatuma malipo ya kwanza, uliza utachaji wapi usiku, nani analipa hiyo stima, betri ni yako au ya kukodi, na ikichoka mkopo ukiwa bado, nani anabadilisha. Majibu yawe kwenye karatasi ya mkataba. Kama anayekuuzia anajibu kwa "hiyo tutaangalia," subiri.

Jinsi ya kuendesha ni sehemu ya starehe

Tuktuk yoyote mbaya inaendeshwa vizuri, na nzuri inaendeshwa vibaya. Umbo lake ni la pembetatu, mbele ni gurudumu moja tu. Ukifunga breki huku umeshakata kona, uzito wote unakimbilia ile pembe ya mbele isiyo na gurudumu, na hapo ndipo zinapolala ubavu. Punguza mwendo kabla ya kona, halafu pinda ukiwa umetulia. Abiria hatajua umefanya nini, atajua tu kwamba hakushika chuma.

Tena tuseme wazi juu ya ule mtindo wa kumpakia mtu kando ya dereva. Nafasi ya leseni ni ya abiria watatu nyuma. Wa nne akikaa mbele, goti lake liko kwenye njia ya usukani. Ile nauli yake ya 50 inakunyima kona nzima. Na springi ambazo zingedumu zinaisha mapema, halafu unarudi kutulaumu sisi kwamba malipo ya siku ni makubwa.

Matairi nayo. Kuna madereva wanaojaza upepo mpaka tairi inakuwa jiwe, ati mafuta yasiishe. Mafuta yanapungua kidogo kweli, lakini kila kokoto linakuwa kofi. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine, na upime asubuhi kabla tairi hazijapata joto.

Sasa ile sehemu ya simu

Umeijaribu, umeipenda, miguu inatosha. Hapa ndipo tunapoomba usikilize kwa makini, kwa sababu hii ndiyo kazi yetu.

Malipo ya kwanza yalipwe kwa namba ya kampuni, paybill au till, na jina linalotokea kwenye simu unapolipa liwe ni lilelile lililoandikwa kwenye mkataba. Ajenti akisema "tuma kwa namba yangu nikufanyie haraka, mashine zimebaki mbili," hiyo haraka ni yake. Mashine zingine zitakuja. Pesa ikishatoka kwa namba ya mtu binafsi, kuirudisha ni safari ndefu, na mara nyingi ukifika unakuta akaunti imeshamwagwa. Ada ya kukalia au kujaribu tuktuk isikubaliwe kabisa. Duka linalotaka kuuza litakupa funguo, au angalau litakaa na wewe ndani mkizunguka.

Ujumbe wa kila malipo uuhifadhi. Simu ikiibiwa au kuanguka ndani ya maji, bado unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako, na ni hiyo itakayokuokoa siku mkopeshaji akisema umelipa mara 610 nawe unajua ni 640. Mwisho wa kila mwezi linganisha hesabu yako na yake. Usingoje mwaka.

Tunashauri pia pesa ya nauli iingie kwenye till ya biashara, isiingie kwenye laini unayotumia nyumbani. Ikichanganyika na ya unga na ada ya shule, utaila bila kujua. Kila jioni toa ya mkopo kwanza, halafu ya mafuta, halafu weka kidogo kwa ajili ya springi, shoki na matairi. Kidogo tuseme 50 kwa siku. Kwa mwezi ni 1,500, na shoki zikichoka hutaendelea kuwarusha watu miezi mitatu ukitafuta pesa ya fundi. Tumeona hili mara nyingi kwenye mazungumzo na wateja: tuktuk ilikuwa nzuri, shoki zikaisha, abiria wakapungua, malipo yakachelewa, injini ikazimwa. Shoki ndizo zilizoanza.

Namba ya till ibandike nyuma ya kiti cha dereva, maandishi makubwa, mahali abiria wa katikati anaweza kusoma bila kuinama. Anayelipa akiwa njiani asilazimike kukushika bega na kukuuliza namba ukiwa kwenye mzunguko. Na wewe usisome ujumbe ukiendesha. Simama, angalia ujumbe kwenye simu yako mwenyewe, si ule anaokuonyesha abiria kwenye yake. Ujumbe wa kuonyeshwa unaweza kuwa wa jana, au ameuandika mwenyewe. Ukiwa na wasiwasi, angalia salio. Inachukua sekunde chache na abiria mwaminifu hakasiriki.

Kama bado hujaamua, fanya hivi wiki hii. Usinunue. Panda kama abiria, mara tatu, kwenye Ape, RE na King, kutoka mjini mpaka kwenu, jioni wakati zimejaa. Kaa nyuma upande wa kushoto mara moja, katikati mara moja, kulia mara moja. Ukishuka muulize dereva anaumwa wapi. Wengi watakujibu kabla hujamaliza swali, na nauli yote ya hiyo tafiti haitafika malipo ya siku moja ya mkopo.